Jumamosi tuliyomtafuta madam kwenye mtandao

Masika ya 2018, mwezi wa nne, mvua inanyesha Dar usiku na mchana. Nilikuwa nimemaliza chuo miaka miwili nyuma, nakaa Kimara nafanya vibarua vya kompyuta, leo natengeneza mfumo wa duka la dawa kesho naingiza data za watu, mara Ijumaa jioni simu inaita, naona jina la madam aliyetufundisha databesi, yaani namna ya kupanga data kwenye kompyuta, mwaka wa pili.

"Shikamoo madam."

"Marahaba mwanangu. Kesho una kazi?"

Kwa ile sauti hata ningekuwa na harusi ya kaka yangu ningesema sina.

Ishu yenyewe ilikuwa hivi. Madam alikuwa mhadhiri mwandamizi, anaomba kupandishwa kuwa profesa mshiriki, faili linatakiwa mezani kwa kamati Jumatatu saa nne asubuhi. Safari hii fomu ilikuwa na ukurasa wa kujaza kazi zako zimenukuliwa mara ngapi na watafiti wengine na h-indeksi yako ni ngapi. Akafungua Google Scholar, ile mashine ya Google ya kutafuta kazi za utafiti na kuhesabu nukuu zake, akajitafuta, akakuta h yake ni nane. Mtu amefanya utafiti miaka ishirini na kitu, kaanza na databesi kisha akahamia kwenye ubongo na kifafa cha watoto, leo mashine inamwambia nane. Na fomu ilitaka kumi.

Asubuhi nikapanda mwendokasi mpaka Ubungo, nikaunga daladala mpaka Mlimani City, kutoka pale bodaboda mpaka kwake Makongo Juu, na ile barabara wanaoijua enzi zile wanajua, nilifika suruali imelowa matope mpaka magotini. Akanipa kanga nijifunge, nikakausha suruali jikoni, chai ya tangawizi mezani, laptopu mbili, tukaanza.

Kwa asiyejua hii namba ilitoka wapi, kuna mwanafizikia wa California anaitwa Jorge Hirsch, aliileta mwaka 2005. Unapanga pepa zako, yaani makala zako za utafiti, kuanzia iliyonukuliwa sana mpaka iliyonukuliwa kidogo, unazipa namba moja, mbili, tatu, unashuka nazo, na ile namba ya mwisho ambayo pepa yake bado ina nukuu zinazoifikia au kuizidi, hiyo ndo h yako. Madam akachukua bahasha ya kaki akaandika kwa peni nyuma yake: 61, 34, 22, 19, 12, 9, 8, 8, 5. Ya nane ina nukuu nane, ya tisa ina tano. Akapiga mstari chini ya ile nane ya pili. Nilimwangalia alivyouweka ule mstari, aliukandamiza mpaka bahasha ikatoboka kidogo.

Nikamuuliza, madam, mbona pepa zako za mwanzo za databesi sizioni hapa, zile za kabla ya 2003? Akanyamaza, akaniambia, "Zile zina jina la baba yangu."

Hapo ndo tulipoanza kufukua. Pepa za mwanzo kaandika kwa jina la baba yake. Akaolewa, akaanza kutumia la mume. Alipoingia kwenye ubongo wale wenzake wa nje wakamwandika herufi mbili na jina la mume, na jarida moja likamgeuza kabisa, jina lake la kwanza likawekwa kama ndo la ukoo. Yaani kwenye mashine walikuwepo wanawake wanne, kila mmoja na vipepa vyake, hawajuani. Na kwenye ile orodha ya bahasha, 12 na 9 ilikuwa pepa moja, kichwa cha habari kilikosewa herufi mtu alipoinukuu, mashine ikaihesabu kama pepa mbili.

Madam akavua miwani. "Hili ndo kosa nililokuwa nawafundisheni."

Na kweli alitufundisha. Somo lake la kwanza kabisa alituambia habari za Edgar Codd wa IBM, pepa yake ya mwaka 1970 iliyosema data tuziweke kwenye majedwali, na kila rekodi iwe na ufunguo wake, alama isiyofanana na ya rekodi nyingine. Jina la mtu si ufunguo. Jina linabadilika, linakosewa, wanaligawana watu mia. Alikuwa anapiga ubao na chaki, jina si ufunguo, jina si ufunguo, darasa zima tunaitikia.

Na tuliyafanya hayo kwa mikono yetu. Mwaka 2014 alituchukua wanafunzi watatu tumsaidie kujenga databesi ya mawimbi ya ubongo ya watoto wenye kifafa, zile rekodi za EEG, mtoto anabandikwa elektrodi kichwani, dakika ishirini au thelathini mashine inachora umeme mdogo sana wa ubongo, unapimwa kwa mikrovolti. Mimi nilikuwa naingiza umri, dawa anayotumia, fenobabitoni au kabamazepini, degedege mara ngapi kwa siku, na jina la faili la mawimbi yake. Mtoto safari hii kaletwa na bibi, safari ijayo kaletwa na mama mdogo, jina limebadilika na mwaka wa kuzaliwa nao umebadilika, kwa hiyo madam akaagiza kila mtoto awe na namba yake siku ya kwanza, iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki. Nakumbuka namba 117, binti wa miaka sita, safari ya kwanza degedege mara nne kwa siku, nikaandika nne. Safari ya tano niliandika sifuri, nikamwita madam aje aone kwenye skrini.

Basi watoto zaidi ya mia mbili tuliwapa namba kwa uangalifu wote ule, na mama mwenye databesi hakuna aliyempa yake. Nikamfungulia ORCID palepale, ni namba ya tarakimu kumi na sita, ya mtafiti mmoja maisha yake yote hata akibadili jina mara tano, ipo tangu 2012. Akainakili kwenye bahasha chini ya ule mstari, polepole, nne nne.

Saa nane mchana tulikuwa tumezipata sita za jina la baba yake. Google Scholar ikawa inatuletea na nyingine, "je, hii ni yako?", moja ya samaki, mtu mwenye herufi kama zake, ina nukuu mia na arobaini. Kuiongeza ni kubonyeza mara moja tu na hakuna ambaye angekuja kuuliza. Madam hata hakuisoma mpaka mwisho. "Si yangu hiyo mwanangu, iache." Tukapanga upya: 61, 34, 22, 21, 19, 17, 14, 13, 11, 11, 11, 8. Kumi na moja. Alicheka, akaenda kunipikia ndizi nyama.

Jioni umeme ukakatika, tukabaki na mshumaa na chaji iliyobaki. Hapo ndo akaniambia kinachomuuma, na h haikuwa na shida tena. Kwenye fomu pepa za kongamano zilihesabiwa nusu ya pepa za jarida, wakati watu wa databesi kazi zao kubwa wanazipeleka kwenye makongamano. Kwenye ubongo nako jina la kwanza ndo aliyefanya kazi, la mwisho ndo mkuu wa maabara, na yeye mwenye data kila siku wanamweka katikati, na wa katikati anapata pointi kidogo sana. Na ile databesi yenyewe haikuwa na mstari wowote. Fomu ina jarida, ina kitabu, ina sura ya kitabu, basi.

"Lakini madam watu wanaitumia," nikasema.

"Wanatushukuru," akasema.

Tukafungua PDF alizotumiwa miaka yote ile na watu walioomba data, moja moja, nashuka mpaka kwenye shukrani kule mwisho kabla ya marejeo. Tisa. Pepa tisa zimeshukuru databesi yetu kwa jina, na wala haimo kwenye orodha ya marejeo hata ya moja. Mashine za nukuu zinasoma marejeo, hiyo ndo biashara aliyoianzisha Eugene Garfield kule Philadelphia, faharasa yake ya sayansi ilitoka miaka ya sitini, anafuata pepa gani imeitaja pepa gani. Shukrani hazimo. Nilikasirika, nakiri, maana mle ndani kulikuwa na 117 na vidole vyangu mimi.

Madam yeye akaanza kunisimulia habari za Louise Jilek-Aall, daktari wa Norway aliyefungua kliniki ya kifafa Mahenge miaka ya sitini mwanzoni. Mwaka 1965 aliandika kuhusu kifafa cha Wapogoro, akaeleza na watoto wanaoinamisha kichwa mara kwa mara kama wanasinzia. Miaka ikapita kimya. Baadaye sana, ugonjwa wa kutikisa kichwa ulipoanza kuzungumzwa Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, watafiti wakarudi kwenye maandishi ya yule mama wa Mahenge. Ule mzani wa majarida wanaouita impakti fakta, wa kawaida, unahesabu nukuu za kazi za miaka miwili iliyotangulia tu. Miaka miwili baada ya 1965, akasema madam, nani angemwona? Mshumaa ulikuwa unaishia. Alikuwa anaongea taratibu kama anajisemea mwenyewe.

Jumapili tukachapa ukurasa wa peke yake, juu tumeandika DATABESI, chini pepa tisa na maneno ya shukrani kama yalivyo. Jumatatu faili likaingia saa tatu na nusu.

Majibu yalitoka mwishoni mwa mwaka. Alipanda, akawa profesa mshiriki, nukuu zilitosha. Ukurasa wa databesi ukarudi umeandikwa kwa peni nyekundu "hauhusiki". Sitaitaja kamati, ila kiukweli lile neno sijalisahau mpaka leo.

Januari 2019 akaniita tena. Tukaandika maelezo kamili ya databesi, muundo wake, namna rekodi zilivyochukuliwa, majina ya watoto hayamo na mawimbi yenyewe yanatolewa kwa maombi, tukayaweka Zenodo, hifadhi ya kazi za utafiti mtandaoni, ambako kila kitu kinapewa DOI, namba yake ya kudumu ya kukitambulisha, kwa hiyo sasa yananukuliwa kama pepa. Akaandika majina ya waandishi mwenyewe. La kwake halikuwa la kwanza, alianza na sisi watatu tulioingiza data, yeye akajiweka mwisho.

Januari 2021 niko kwenye daladala Ubungo, foleni haisogei, meseji ikaingia. Picha ya skrini: imenukuliwa na 1. Chini yake ameandika, "117 ameanza fomu wani."

Nikamjibu, shikamoo madam, nani katunukuu?

"Marahaba. Siwajui mwanangu, sijawahi hata kukutana nao."

Nikaifungua ile pepa palepale nimesimama, nikashuka mpaka kwenye marejeo, namba ishirini na tatu.