Kapa, Lamda na Kalamani

Mwaka 2011 nilikuwa nafundisha Historia darasa la saba, Pangani. Siku moja mwalimu wa Hisabati alikuwa msibani, nikaombwa nishike kipindi chake. Ubaoni palibaki hesabu za duara za jana yake, na ile alama ya pai. Nikawauliza hii ni nini. "Ishirini na mbili kwa saba!" wakajibu wote. Nikawaambia hiyo ni herufi, na Wagiriki huanzia hapo kuandika neno baba.

Herufi hizo nilizipata kwa marehemu baba yangu. Alikuwa karani katika shamba la mkonge la Mgiriki mmoja, enzi ambazo Wagiriki walikuwa wengi kwenye mkonge wa Tanga, na tajiri yake alimwandikia zote nyuma ya daftari la vibarua. Daftari hilo ndilo lililonifanya nitafute vitabu.

Nikaziandika zote 24, nikawaimbisha. Alfa, beta, gama, delta. Waliimba kwa utiifu tu, macho dirishani. Tulipofika kapa, lamda, mu, nu, binti mmoja wa dawati la mbele akanyamaza. Babu yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mjuzi wa falaki, elimu ya nyota. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii si kalamani?"

Nikampa chaki. Kwa mazoea ya chuoni alianzia kulia, akaona herufi zake hazikutani na zangu, akafuta, akaanza upya kushoto. (Wagiriki wa kale nao walianza kwa kuandika kutoka kulia. Kisha wakawa wanaandika mstari mmoja kwenda na mwingine kurudi, kama ng'ombe wa kulimia anavyogeuka mwisho wa shamba. Watoto wale walifanya hivyo kila siku: asubuhi shuleni kutoka kushoto, alasiri chuoni kutoka kulia.) Alikuwa akikariri kwa sauti herufi za Kiarabu kwa mpangilio wake wa zamani, zikiunganishwa kuwa maneno: abjadi, hawazi, huti, kalamani. Alifu ikakaa chini ya alfa, be chini ya beta, jimu chini ya gama, dali chini ya delta. Wau ilikosa mwenzake, maana Wagiriki waliiacha zamani herufi yao ya sita, tukairuka. Kisha kafu, lamu, mimu na nuni zikalala sawasawa chini ya kapa, lamda, mu na nu.

Nilikuwa nimesoma kwamba Wagiriki walichukua herufi zao kwa Wafoinike, watu wa pwani ya Lebanoni ya leo, yapata karne ya 8 KK, na kwamba herufi za Kiarabu ni za ukoo huo huo. Lakini sikuwahi kuwaona ndugu hao wamesimama pamoja ubaoni.

Binti akaendelea: sini, aini, fe. Fe ikaangukia pai. Aini ikaangukia O.

"Aini maana yake nini?" nikauliza.

"Jicho!"

Nikawachorea duara. Wafoinike waliiandika hivyo, mviringo kama jicho. Wagiriki hawakuwa na ile sauti ya kooni, basi wakalibakiza duara na kulifanya irabu. Hapo Omari akasimama bila kuitwa: "Kama jina langu! Ustadhi analitoa kooni, mama anaanza na O tu." Nilishindwa kuendelea kwa muda. Mtoto wa miaka 13 alikuwa ameeleza, kwa jina lake mwenyewe, jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kulielewa.

Kesho yake walikuja na vigae vya vyungu na misumari. Niliwasimulia Athene ya karne ya 5 KK, raia walivyochora kwenye kigae jina la mtu wanayetaka ahame mji kwa miaka 10, na kwamba hata Themistokles, aliyewaongoza kuwashinda Waajemi baharini kule Salami, aliondolewa hivyo. Sisi hatukumfukuza mtu. Kila mmoja alichora jina lake. Shabani alihangaika, maana Wagiriki hawana sh. Omari akalalamika: "Mbona nimekuwa Omapi?" Nikamweleza kwamba P yao ndiyo R yetu.

Binti wa kalamani akauliza kama wanawake wa Athene nao walipiga kura hizo. Nikamwambia hapana, wala watumwa. Akaniangalia kitambo, kisha akainama kuchora, akikandamiza msumari hadi vumbi jekundu likajaa dawatini. Alipomaliza akakigeuza kigae, akaandika jina lile lile nyuma yake kwa Kiarabu, na akaomba ruhusa ampelekee babu.