Nilivyofaili kodi baada ya kuuza nyumba ya Lowell na kuhamia Georgia

Nyumba yangu ya Lowell, Massachusetts, Marekani, niliinunua mwaka 2002 kwa dola 212,000, nikaiuza 2023 kwa 548,000. Watoto wameshajitegemea, baridi imenichosha, nikamfuata dada yangu jimbo la Georgia. Maboksi hayajafunguliwa, simu zikaanza. Wengi walinihimiza ninunue nyumba nyingine ndani ya miaka miwili, la sivyo kodi itameza faida yote. Sheria hiyo ilifutwa 1997! Siku hizi, ukiwa umeimiliki nyumba na kuishi humo angalau miaka miwili kati ya mitano kabla ya kuuza, faida ya hadi dola 250,000 haitozwi kodi ya mapato. Wanandoa wanaofaili pamoja wanaweza kufika 500,000. Mimi nafaili peke yangu.

Hapo ndipo hesabu iliponikaba. Hata baada ya kutoa malipo ya dalali, wakili na stempu za mauzo, jumla dola 31,000, faida ilibaki 305,000. Mhasibu wangu, kijana wa Nakuru, akaniuliza: "Mama, miaka yote hiyo ulijenga nini pale?" Nikamtajia paa jipya, madirisha, boila, na chumba cha chini nilichokimalizia watoto wakapata pa kulala. Akaniambia gharama za namna hiyo huongezwa kwenye bei ya kununulia, ila rangi na kuziba bomba linalovuja havihesabiwi.

Nikaanza kusaka karatasi. Mkataba wa paa niliupata, nakala ya njano, maandishi ya fundi yamefifia lakini bei na saini vinasomeka. Wa chumba cha chini haukuonekana. Nikaomba kumbukumbu za vibali vya ujenzi kutoka manispaa, na kibali kikaja kikiwa na tarehe na gharama iliyoandikwa wakati ule. Nikakiambatanisha na taarifa za benki. Jumla ikawa dola 66,000, faida ikashuka hadi 239,000. Nilimshukuru Mungu kwa sauti palepale ofisini.

Kutodaiwa kodi hakukuniondolea kazi ya kutangaza mauzo. Nilikuwa nimetumiwa fomu 1099-S, inayoripoti mauzo ya nyumba, na nakala yake IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wanayo, kwa hiyo tuliyaonyesha mauzo hayo kwenye Fomu 8949 na Jedwali D, zinazoorodhesha faida na hasara za mali iliyouzwa. Ukiipata fomu hiyo, usiinyamazie hata kidogo.

Upande wa majimbo nilifaili kama mkazi wa sehemu ya mwaka kotekote: Fomu 1-NR/PY ya Massachusetts na Fomu 500 ya Georgia yenye Jedwali la 3. W-2 yangu, fomu ya mwajiri ya mshahara wa mwaka, ilionyesha mshahara wote kama wa Massachusetts, ingawa miezi ya mwisho nilifanyia kazi nyumbani kwa dada. Nikawaandikia watu wa mishahara, nikawatumia tarehe ya kuhama na mkataba wa pango, wakatoa W-2c, yaani W-2 ya marekebisho, iliyogawa mshahara kwa majimbo mawili. Ilifika Machi, na ritani zote tatu, ya serikali kuu na za majimbo mawili, zikaenda kabla ya tarehe 15 Aprili.