Gnome Omega: injini iliyozungusha silinda zake

Siku hizi ukitaja injini ya rotari, mpenzi wa magari anawaza Mazda RX-7 na ile rota yake ya pembe tatu. Karibu nusu karne kabla ya injini ya Felix Wankel kunguruma kwa mara ya kwanza Neckarsulm mwaka 1957, jina hilo lilikuwa la mashine nyingine kabisa. Ilikuwa na pistoni za kawaida, konrodi za kawaida, plagi za kawaida. Ila kranki shafti yake, yaani mhimili ambao konrodi hushikana nao, ilikazwa kwenye fremu ya ndege ikatulia tuli, na silinda zote pamoja na krankikesi (sanduku linaloizingira shafti hiyo) na pangaboi ndizo zikazunguka.

Wazo lenyewe halikuzaliwa na ndege. Félix Millet alionyesha injini ya silinda tano ndani ya gurudumu la baiskeli kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya 1889. Mwaka huohuo, kule Australia, Lawrence Hargrave alitengeneza ya silinda tatu iliyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Stephen Balzer wa New York aliweka yake kwenye kigari mwaka 1894, kisha mwaka 1898 akakubali kumtengenezea Samuel Langley, Mmarekani aliyekuwa akiunda ndege, injini ya ndege ya hospawa 12. Ilimshinda, ilitoa kama 8 tu. Charles Manly, msaidizi wa Langley, akaichukua, akazifunga silinda zisizunguke, akaongeza maji ya kupoza, na kufikia 1903 akapata hospawa 52. Kwa hiyo anayesema rotari ilishinda kwa sababu wazo lilikuwa zuri anaruka hatua. Wazo lilikuwapo kwa miaka ishirini bila kuzaa injini ya ndege inayotegemeka. Lililobadilika ni chuma na kazi ya karakana.

Kwanza, shida yenyewe. Ndege za mwanzo zilikwenda polepole, hivyo upepo wa safari haukutosha kupoza silinda zilizosimama. Ukitumia maji, unabeba rejeta, mabomba na maji yenyewe. Juu ya hapo, injini ya silinda chache hutikisika, hivyo inadai flaiwili nzito, yaani gurudumu la kulainisha mzunguko. Ukizizungusha silinda, mizigo yote miwili inaondoka: kila silinda inajipepea hata ndege ikiwa imesimama chini, na uzito wa silinda wenyewe unakuwa flaiwili.

Ndugu Louis na Laurent Seguin walikuwa na kiwanda Gennevilliers, nje ya Paris. Kampuni yao, iliyoanzishwa 1905, ilikuwa na leseni ya kuunda injini ndogo ya silinda moja iitwayo Gnom, ya kiwanda cha Oberursel cha Ujerumani, na jina Gnome likatokea hapo. Kufikia mwisho wa 1908 walikuwa na Omega: silinda saba, kipenyo milimita 110, mwendo wa pistoni milimita 120, yaani lita 8 hivi kwa jumla. Ilitoa hospawa 50 kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, na uzito wake ulikuwa kilo 75 hivi. Agosti 1909, kwenye mashindano ya ndege ya Reims, Ufaransa, rubani Henri Farman aliifunga kwenye ndege yake akashinda zawadi ya masafa kwa kuruka kilomita 180 kwa zaidi kidogo ya saa tatu. Baada ya hapo kila mjenzi wa ndege aliitaka.

Itazame silinda moja ya Omega kwa karibu. Haikumiminwa kwenye kalibu. Walichukua pande zima la chuma cha pua kilichofuliwa, wakalikereza nje na ndani mpaka ukuta ukabaki milimita 1.5, na mapezi ya kupozea yakakerezwa humohumo, membamba kama karatasi nene. Sehemu kubwa ya lile pande iliishia sakafuni kama vinyoleo. Ni upotevu wa chuma na wa saa za fundi, lakini ndio uliowapa wepesi. Chuma cha kumiminwa kingehitaji ukuta mnene, na kwenye mzunguko ule uzito una adhabu kali. Piga hesabu: kwa mizunguko 1,200, kitu kilicho sentimita 30 kutoka katikati kinavutwa kwenda nje kwa nguvu ya karibu mara 480 ya uzito wake. Kitu cha gramu 100 kinavuta kama kilo 48.

Sasa kila suluhisho likaanza kuzaa shida yake. Ukuta wa milimita 1.5 haubaki duara kamili, maana upande unaotangulia kwenye mzunguko unapigwa na hewa baridi na wa nyuma unabaki wa moto. Ringi ngumu ya kawaida haiwezi kufuata silinda iliyopinda, na gesi inavuja. Wakaweka ringi nyembamba ya shaba nyekundu iliyochanganywa, yenye mkato kama herufi L, ambayo shinikizo la gesi linaitanua ikumbate ukuta. Ilifanya kazi, ila ililika haraka, na ikivunjika gesi ya moto hupita pembeni ya pistoni na kuiharibu silinda upesi sana.

Mchanganyiko wa petroli na hewa nao utaingiaje kwenye silinda inayokimbia? Njia pekee rahisi ilikuwa kupitia kranki shafti, ambayo imetulia na ina tundu katikati. Kabureta ikakaa nyuma, mchanganyiko ukapita ndani ya shafti na kujaa krankikesi, kisha ukaingia silindani kupitia valvu iliyowekwa kwenye kichwa cha pistoni. Valvu hiyo haikuwa na kemu ya kuisukuma: ilifunguliwa na mvuto wa pistoni inaposhuka, ikafungwa na springi. Kwa kuwa ile kani ya mzunguko huivuta upande wa kufunguka, ikabidi iwekewe vizito vidogo vya kusawazisha. Hapo ndipo mafundi walipoteseka. Springi zikilegea kwa viwango tofauti, silinda moja inapata mchanganyiko mwingi na nyingine kidogo, injini inapiga misi na kutikisika. Valvu ikikwama wazi, moto unarudi kwenye krankikesi iliyojaa mchanganyiko. Kuitoa kulihitaji kufungua valvu ya eksozi kichwani mwa silinda, halafu kuingiza spana maalumu ndefu mpaka kwenye pistoni.

Krankikesi iliyojaa petroli ndiyo iliyoleta mafuta ya mbarika. Watu wengi hudhani yalipendwa kwa utelezi wake peke yake. Sababu kubwa ni kwamba petroli inaiyeyusha oili ya madini na kuiosha kwenye beringi, lakini mafuta ya mbarika hayachanganyiki nayo kirahisi. Hakukuwa na njia ya kuyakusanya tena: yalisukumwa na pampu, yakatupwa nje na mzunguko, yakatoka na moshi yakimrukia rubani usoni. Wakiyameza, matumbo yaliharika. Tena yanaacha utomvu unaogandisha ringi injini ikikaa bila kuendeshwa. Kabla ya kuwasha, fundi alifungua valvu za eksozi moja moja, akadondosha petroli kidogo katika kila silinda, akaizungusha injini taratibu kwa mkono swichi ikiwa imezimwa. Mafuta hutuama kwenye silinda za chini, na ukiilazimisha kuzunguka silinda ikiwa imejaa, kuna kitu kitapinda.

Idadi ya silinda ni witiri kwa sababu injini ni ya mipigo minne. Kila silinda inawaka mara moja katika mizunguko miwili. Ukiwa na saba unawasha moja, unaruka moja, yaani 1, 3, 5, 7, 2, 4, 6, na nafasi kati ya miwako inabaki sawa, nyuzi 103 hivi. Ukiwa na sita mtindo huo unakatika. Magneto moja iliyotulia, kifaa cha kuzalisha umeme wa cheche, ilizungushwa kwa gia ya 7 kwa 4, na umeme ukafika kwenye plagi kwa nyaya tupu za shaba ya njano zisizo na gamba lolote.

Mwaka 1913 Gnome waliamua kuiondoa ile valvu ya pistoni. Injini mpya, Monosoupape, ilibaki na valvu moja tu kichwani. Ilitoa moshi, ikabaki wazi ili hewa safi iingie, kisha pistoni ikikaribia kufika chini ilifunua matundu ukutani mwa silinda, na mchanganyiko mzito mno wa petroli, usioweza kuwaka peke yake, ukaingia kutoka krankikesi. Kwa maoni yangu huu ndio ubunifu mzuri kuliko yote ya familia hii. Gharama yake ni kwamba mwendo haukuweza kupunguzwa kwa kubana hewa. Rubani alikata umeme kwa kitufe na kuurudisha, akaukata tena, hasa wakati wa kutua. Akiukata kwa muda mrefu, petroli ambayo haijaungua hujikusanya ndani ya kifuniko cha injini, na umeme ukirudi inashika moto.

Monosoupape ya hospawa 100 ilifika pwani yetu. Februari 1915 Waingereza walileta ndege mbili za baharini za Sopwith kisiwani Nyororo, karibu na Mafia, kuisaka meli ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Zilishindwa kupaa na mabomu pamoja na mafuta ya kutosha. Hewa ya joto ni nyepesi, kila mvuto wa silinda unabeba oksijeni pungufu, na injini hii haikuwa na nguvu ya akiba.

Isingeweza kuwa nayo. Nguvu inayoliwa na silinda kwa kupasua hewa inakua kwa kipeo cha tatu cha kasi: ukipanda kutoka mizunguko 1,200 hadi 1,400, upotevu huo unaongezeka kwa karibu asilimia 60. Kampuni ya Kijerumani Siemens-Halske ilijaribu kuukwepa kwenye injini yake ya Sh.III kwa kuzungusha krankikesi na shafti pande tofauti, mizunguko 900 kwa kila upande. Mhandisi Mwingereza W. O. Bentley alitumia silinda za alumini zenye sliva (bomba la ndani) ya chuma ili joto liondoke sawasawa. Zote mbili zilikuwa injini nzuri, lakini zilichelewa.

Ukizikuta injini hizi za rotari makumbusho, usianze na kibao cha maelezo. Tafuta mabomba ya kuingiza mchanganyiko. Le Rhône ya hospawa 80, rotari nyingine ya Kifaransa, ina mabomba ya shaba mbele ya silinda na fimbo moja tu kwa valvu mbili. Clerget, nayo ya Kifaransa, ina mabomba nyuma na fimbo mbili. Ukikuta silinda tupu zisizo na bomba lolote, hiyo ni Gnome.