Jicho Lililoachwa

Mwanangu amefukua kwenye droo ile miwani ya karatasi tuliyotazamia kupatwa kwa jua kule Rujewa, Septemba 2016. Akauliza kama kweli mtu akilitazama jua bila miwani hiyo anapofuka. Nikamwambia jua linaweza kuunguza retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na kwamba bibi yake aliunguzwa retina na daktari, makusudi, ili asipofuke. Hakuniamini.

Ilikuwa hospitali ya KCMC, Moshi. Mama alikuwa na kisukari. Safari hiyo kilikuwa kimefika machoni: mishipa mipya, myembamba na dhaifu, ilikuwa imeota juu ya retina, na mmoja ulishavuja damu. Retina ikikosa hewa ya kutosha huita mishipa ya namna hiyo. Ukiiunguza retina pembezoni, mahitaji yake yanapungua na wito unatulia.

Chumba kilikuwa giza. Mama aliegemeza kidevu kwenye mashine, mboni imepanuliwa kwa matone, jicho limetiwa ganzi, na daktari akalibandika lenzi yenye jeli lisifumbe. Mimi nilivalishwa miwani ya kinga nikaambiwa nisimame nyuma yake nimshike kichwa. Mwanga wa kijani wa leza ukaanza: tik, tik, tik. Kila ulipopiga nilisikia shingo yake ikikakamaa mikononi mwangu. Hakulia. Alishika ukingo wa meza kwa vidole vyote kumi, na kwenye kioo cha kabati niliona kijani kikimulika shavu lake na kuzimika.

"Pumua, Mama," daktari akasema. "Mwanga huu asili yake ni jua." Akamsimulia habari za Gerhard Meyer-Schwickerath, daktari wa Ujerumani aliyempokea mgonjwa aliyeungua jicho kwa kutazama kupatwa kwa jua Julai 1945. Alipoliona lile kovu dogo akawaza: kovu kama hili, likitiwa mahali panapofaa, si litaishikiza retina iliyochanika? Akawa analivuta jua la Hamburg kwa vioo, kutoka juu ya paa hadi ndani ya jicho la mgonjwa. Baadaye akatumia taa ya xenoni. Leza yenyewe ilikuja 1960.

Mama akauliza, "Mbona leo unachoma jicho moja tu?"

Lingine lingefuata, daktari akamjibu, kisha akaongeza kwamba wapo walioachiwa jicho la pili bila tiba. Walikuwa wagonjwa zaidi ya 1,700 wa kisukari huko Marekani, walioandikishwa kwenye utafiti kuanzia 1972. Kila mmoja jicho moja lilichomwa na lingine likaachwa likiangaliwa tu, na lipi ni lipi iliamuliwa kwa kura. Ndivyo ilivyojulikana kwamba kuchoma kunasaidia.

Mama akakitoa kidevu kwenye mashine. Machozi na jeli vilimtiririka hadi kwenye kanga.

"Na hao walioachwa?"

"Matokeo yalipoonekana, mwaka 1976, utaratibu ulibadilishwa. Macho yaliyoachwa, yale yaliyokuwa hatarini, nayo yakaanza kutibiwa."

"Yale yaliyokuwa bado yanaona."

"Ndiyo, Mama. Yale yaliyokuwa bado yanaona."

Akarudisha kidevu pale, kazi ikaendelea.

Jicho la pili nalo lilichomwa. Mama alisoma Biblia yake mwenyewe hadi mwisho wa maisha yake, ila jioni ikiingia alishika bega langu, maana kingo za retina ndizo zilizotolewa ili katikati pabaki. Alitumaini kuona kama zamani. Leza hailipi kilichopotea, inalinda kilichobaki.

Katika sala za usiku alikuwa akiwaombea "wale wa jicho moja", watu ambao hakuwahi kuwaona wala kujua majina yao. Nami niliitafuta ripoti ya utafiti ule ya 1976 nikaisoma. Baada ya miaka miwili, macho yaliyopoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona yalikuwa asilimia 16.3 ya yaliyoachwa, na asilimia 6.4 ya yaliyochomwa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo iliyompa Mama Biblia yake, nami naishukuru kwa moyo wote. Lakini kuna mtu ambaye kura iliangukia jicho lake zuri, likaachwa, likazimika. Ningekuwa ndiye mtoto wake, nimesimama nyuma ya kiti chake 1972, na karatasi ya ridhaa iko mezani inangoja, sijui kama ningemwambia atie saini.