Mkopo usio na riba, na ndoo zangu za maji
Nauza wali maharage na chapati jirani na stendi ya daladala, Dar. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), haina riba, na hapo sina neno. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, imeshamaliza wenzangu wengi. Hii ya halmashauri ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024.

Kinachonichosha ni kukopa kwa kikundi. Katiba, akaunti ya benki, mihtasari ya vikao, halafu mwenzenu akihama na rejesho lake mnabanwa nyie. Bora halmashauri wangetuvutia bomba na kutujengea choo cha wateja. Sasa hivi maji ya kunawa nanunua kwa vijana wa mikokoteni, na yakikatika mtaani, bei wanapanga wao.