Siku nilipoigizishwa "mgonjwa kutoka Afrika"

Hii ilikua Mei 2017, Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Baridi ishaondoka, watu washaanza kutembea na kaptura utadhani wako ufukweni Diani, na sisi wa wodi yetu tunaambiwa kila mtu lazima apite treningi ya utamaduni, yaani kufundishwa mila za wagonjwa, hakuna cha kusema nina shifti wala mtoto anaumwa, ukikosa jina lako linaenda kwa meneja. Mimi wakati huo nilikua nesi msaidizi, ile kazi ya kugeuza wagonjwa, kuwaosha, kupima presha na sukari, alafu unajaza kwenye kompyuta amekunywa maji kiasi gani na amekojoa kiasi gani. Hospitali yenyewe siitaji, bado nina watu wangu pale na sitaki kesi.

Sababu ya hiyo treningi haikuandikwa popote lakini kila mtu aliijua. Surua. Mwezi wa nne ilizuka mjini, na wengi walioshikwa walikua watoto wa Kisomali ambao hawakuchanjwa, mpaka inakuja kutangazwa imeisha mwezi wa nane ilikua imefika watu 75. Unaweza kusema 75 ni nini, kwetu hiyo ni wiki moja, lakini Marekani walishatangaza tangu 2000 kwamba surua wameimaliza nchini kwao kwa hivyo lilikua jambo kubwa kweli, magazeti, TV, kila mahali. Ukiingia kantini unaskia mtu anasema "hawa watu na utamaduni wao", na mimi na hijabu yangu nimekaa hapo hapo na sahani yangu, ananiona, anajifanya kuangalia simu.

Tena tusidanganyane, hospitali za kule haziandai mambo haya kwa mapenzi tu. Kuna sheria ya haki za raia ya 1964, ukipokea pesa za serikali kuu huruhusiwi kumbagua mtu kwa sababu ya alikotoka, na mambo ya lugha yakaingizwa humo humo, ndio maana mgonjwa asiyejua Kizungu anatakiwa atafutiwe mkalimani bila kulipa. Alafu kuna viwango vya wizara ya afya vya kuhudumia watu wa lugha na tamaduni tofauti, vilivyotoka mwaka 2000, 2013 vikapanuliwa vikawa 15, na humo ndani kuna hilo la kufundisha wafanyakazi. Wakija wakaguzi unawaonyesha karatasi ya sahihi, watu wako wamefundishwa, basi.

Mwalimu alikua mama mmoja wa makamo, mzungu, mshauri kutoka nje, mpole sana, amekuja na projekta yake na biskuti. Simsemi vibaya. Alikua amejiandaa. Shida ni vile alivyopanga, kila kabila slaidi yake. Wahmong slaidi moja, Walatino moja, Wasomali moja, Waislamu moja (mimi na Wasomali tukawa tumehesabiwa mara mbili hapo), alafu "Afrika" moja. Bara zima. Imeandikwa Waafrika hawaangalii wakubwa machoni, Waafrika wanapenda familia, Waafrika wanachelewa. Akanigeukia akatabasamu, "Wewe unatoka huko, ni kweli?" Watu kama thelathini wananiangalia. Sasa mimi mtu wa Kisauni, Mombasa, nithibitishe tabia za Mnigeria na Mxhosa nimewajulia wapi? Nikamwambia kuchelewa ni kweli. Wakacheka tukaendelea.

Nisiwe mchoyo lakini, kuna vitu vya maana tulipata. Ile ya Wahmong kwa mfano. Wahmong wamejaa upande wa St. Paul, walikuja baada ya vita vya Laos kuisha 1975, na wao mtu akiumwa wanaamini roho yake inaweza kua imepotea njia, kwa hivyo inaitwa irudi na mgonjwa anafungwa nyuzi kwenye kifundo cha mkono. Hizo nyuzi sasa unakuta nesi anazikata kabla ya oparesheni anaziona uchafu. Kwa familia umekata kitu kilichomshikilia mtu wao. Dada wa mapokezi ambaye ni Mhmong akasema bora uulize, mara nyingi watakuruhusu uzisogeze juu au wazitoe wenyewe. Hiyo inasaidia. Kuna pia zile alama nyekundu mgongoni kwa watoto wa Kivietinamu wanaosuguliwa na sarafu wakiwa na homa, ambazo mtu asiyejua anaweza kupigia simu ustawi wa jamii akidhani mtoto amepigwa. Na heparini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, kwamba inatengenezwa kwa utumbo wa nguruwe, wallahi hiyo wengi humo ndani hawakua wanaijua, na tunawadunga nayo Waislamu kila siku tumboni. Ruhusa ya dharura ipo kwenye dini, lakini mtu aambiwe.

Alafu ikaja slaidi ya Wasomali. Mstari wa kwanza: utamaduni wao hauamini chanjo.

Nyuma yangu alikua amekaa dada mmoja wa Kisomali tuliefanya nae kazi, mimi nilikua namwita abaayo, ndio dada kwa Kisomali. Alikulia Eastleigh, Kiswahili chake cha Nairobi kabisa, na siku zake za ofu alikua anajitolea kuzunguka na watu wa afya nyumba kwa nyumba kuongea na kina mama kuhusu hii hii surua. Akanong'ona, "Sista, hii siachi." Akanyoosha mkono.

Akauliza, huo utamaduni ulianza lini? Mwalimu hakuelewa. Akasema, manake mwaka 2004 watoto wa Kisomali waliozaliwa hapa Minnesota 92% walikua wanachanjwa surua. Tisini na mbili. Mwaka 2014 imekua 42%. Kwa hivyo 2004 hatukua Wasomali?

Kimya. Meneja akaacha kutafuna biskuti.

Akaendelea, na hapa naeleza nilivyoelewa mimi. Mwaka 2008 hivi wazazi walianza kuona watoto wao wengi kwenye madarasa ya mahitaji maalum, wanaambiwa ni autizimu, ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto apate shida kuongea na kuchangamana na watu, kitu ambacho wengine ndio mara ya kwanza wanakiskia. Wanauliza kwa nini sisi, kwa nini hapa. Hakuna anaewapa jibu la kueleweka. Chuo Kikuu cha Minnesota kilikuja kutoa utafiti 2013 kwamba mjini Minneapolis ilikua kama mtoto 1 kwa 32 wa Kisomali na 1 kwa 36 wa kizungu, yaani karibu sawa tu, lakini hapo miaka ishapita na pengo lishajazwa na wengine. Walikuja wapinga chanjo. Akaja mpaka Andrew Wakefield mwenyewe, yule Mwingereza aliechapisha ile makala ya 1998 ya kuunganisha chanjo na autizimu, jarida likaja kuifuta 2010 na mwaka huo huo Uingereza ikamfuta kwenye orodha ya madaktari. Huyo ndie aliekaa na wazazi wa Kisomali Minneapolis, 2010 na 2011, akawaskiliza. Abaayo akasema: daktari mzungu, suti, lafudhi nzuri, anakuuliza unaogopa nini mama. Nyinyi mlikua mnawapa karatasi.

"Sasa hapo utamaduni wa nani ndio umekataa chanjo?"

Mimi nilitaka kupiga vigelegele lakini kazi ni kazi.

Mwalimu, na hapa nampa heshima yake, hakubisha. Aliandika zile namba kwenye daftari lake, akasema atabadilisha slaidi. Alafu nadhani ili kutuliza hewa akasema tufanye igizo. Akanichagua mimi mgonjwa. Akanipa kadi: Fatuma, miaka 62, mkimbizi kutoka Afrika, kisukari, anatolewa hospitali leo. Nikamuuliza Afrika wapi. Akasema Afrika tu, popote.

Basi nikaamua nitakua nyanyangu.

Nyanyangu Mombasa alikua na kisukari miaka mingi, na kliniki alikua haendi mpaka avae buibui lake zuri na udi. Mbele ya daktari yeye ni naam na ndiyo. Umeacha sukari? Naam. Unakunywa dawa? Ndiyo mwanangu. Si kwamba ni muongo, daktari ni mtu aliesoma na kijana wa watu amejisumbua, utamkatalia vipi usoni? Akifika nyumbani anapanga mambo yake anavyojua. Ukimuuliza maumivu yakoje jibu ni alhamdulillahi, hata kama hawezi kuinuka. Na Ramadhani anafunga. Tulimwambia nyanya, mgonjwa amesamehewa, iko kwenye Qurani. Anakwambia hao ni wagonjwa, mimi nina sukari tu.

Nesi wa kwanza kucheza nami alikua kijana mmoja, mzuri wa moyo, akashika orodha. Utakunywa dawa mara mbili kwa siku pamoja na chakula? Ndiyo. Umeelewa dalili za sukari kushuka? Ndiyo. Una swali lolote? Hapana, ahsante, Mungu akubariki. Mimi nimeinamisha kichwa, nimekunja mikono, nyanya mtupu. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akafurahi, akaniuliza Fatuma, umejiskiaje?

Nikamwambia nimejiskia vizuri sana, kijana ana adabu. Ila wiki ijayo Ramadhani inaingia na mimi nafunga, na huku kwenu mwezi wa sita jua linatua saa tatu usiku na alfajiri inaingia kabla ya saa kumi, ni zaidi ya saa kumi na saba bila hata tone la maji, na kwenye mfuko wangu wa dawa kuna zile vidonge zinazoshusha sukari hata kama hujala kitu. Chakula cha asubuhi alichosema hakitakuwepo. Saa tisa mchana nitaanguka jikoni. Na nimesema ndiyo kwa yote.

Kulikua na nesi mmoja wa Kifilipino, mtu mzima, wote tulikua tunamwita ate, ndio dada mkubwa kwao. Akainuka bila kuitwa akasema ngoja nijaribu mimi. Orodha hakuishika. Akavuta kiti akakaa chini zaidi yangu. Jana ulikula nini? Saa ngapi? Na nani anapika? Nikamjibu. Na mwezi wa kufunga unazifanyaje dawa? Nikamwambia nyanya alivyokua anafanya, za asubuhi na za jioni zote anazimeza pamoja wakati wa futari ili asipoteze. Chumba kizima kikaguna, hasa mfamasia. Alafu akaniuliza, kwenye huu ugonjwa unaogopa nini zaidi?

Jibu lilitoka kabla sijalipanga. Nikasema naogopa sindano ya insulini, manake jirani yetu alianzishwa sindano na mwaka haukuisha akakatwa mguu, kwa hivyo mkinipima sukari ikiwa juu nitawaambia nimekula embe jana, ili msinidunge. Na hivyo ndivyo nyanya alikua anafanya kweli. Tulikua tunacheka nyumbani, embe za nyanya. Daktari wake hakuwahi kuambiwa hofu hiyo, kwa hivyo hakuwahi kupata nafasi ya kumwambia nyanya kwamba insulini haikukata mguu wa jirani, mguu ulikua ushaoza na sindano imechelewa.

Mwalimu akasema kuna profesa wa Harvard, Arthur Kleinman, yeye na wenzake waliandika maswali ya aina hii tangu 1978: unadhani ugonjwa wako umesababishwa na nini, umeanza sasa kwa nini, unataka matibabu gani, unaogopa nini zaidi. Kumbe alikua nayo kwenye slaidi ya mwisho kabisa. Kila mwaka muda unaisha hawaifikii, makabila yanamaliza saa zote.

Mimi kilichoniuma zaidi, na mpaka leo huwa nawaambia vijana wanaoingia kazi hii, ni kwamba kabila moja halikua na slaidi. Hospitali. Hao ndio wana mila ngumu kuliko wote humo ndani. Maumivu yako yataje kwa namba sifuri hadi kumi. Wageni wawili tu kitandani, hata kama anaekufa ni mama wa watoto tisa. Kila kitu anaambiwa mgonjwa peke yake, wakati mzee wa Kisomali anataka mwanawe mkubwa ndie aambiwe kwanza. Daktari ana dakika zake, akitoka ametoka. Hakuna mtu anaona hiyo kua ni mila, inaitwa utaratibu, na ukishindwa kuifuata unaandikwa kwenye faili kwamba hafuati maelekezo. Nyanyangu kule angeandikwa hivyo kurasa nzima.

Baada ya hapo mimi, abaayo, ate na yule mfamasia tulikaa kantini tukaandika karatasi moja ya Ramadhani ya kuwapa wagonjwa wa kisukari wanapotoka: dawa ipi ihamishwe futari, ipi ipunguzwe daku, ipi lazima umuone daktari kwanza, na kwamba kupima sukari kidoleni hakufunguzi saumu, manake wengi wanaacha kupima kwa hofu hiyo. Kisomali akaandika abaayo, Kiswahili nikaandika mimi kwa ajili ya Wakongo. Tukampelekea meneja, akafurahi sana, akasema ni kitu kizuri, itabidi ipite kwenye kamati. Ramadhani ikaingia tarehe 27 Mei karatasi iko kwenye kamati, Idi ikafika iko kwenye kamati, kwa hivyo mwezi mzima ate alikua anavuta kiti anawauliza kwa mdomo, na mimi nikiwa shifti moja nae namtafsiria wale wa Kiswahili, hata kama rasmi hairuhusiwi.