Kaka Yangu, Binti Yake na Kozi ya Kilimo

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka mwezi Julai, kaka yangu alinipigia simu kutoka Tukuyu kabla sijamaliza chai ya asubuhi, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa kwamba nipande gari siku hiyo hiyo nikazungumze na binti yake, kwa sababu amekataa udaktari. Nilipanda Coaster pale Uyole nikiwa nimevaa masweta mawili, nikashuka Tukuyu kwenye mvua, na nilipoingia sebuleni nilikuta kila mmoja amekaa kona yake kama wageni wasiojuana.

Binti alisoma PCB, na matokeo yake yalikuwa B ya biolojia, C ya kemia na D ya fizikia. Alikuwa anataka shahada ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Baba yake, ambaye ameishi miaka yote kwa viazi, ndizi na sasa parachichi, alikuwa hataki hata kulisikia jina la kozi hiyo. Alisema sentensi moja ambayo nimeisikia katika nyumba nyingi za huku kwetu: "Nimelima ili wewe usilime."

Ni rahisi kumcheka mzazi wa namna hiyo, hasa ukiwa umekaa mjini. Lakini mimi nimekulia katika nyumba hiyo hiyo, na najua kilicho nyuma ya maneno yake. Kaka ameuza viazi kwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu mpaka linakaribia kuwa gunia moja na nusu, na dalali amelilipa kama gunia moja. Amewahi kuamka asubuhi akakuta ugonjwa wa ukungu umeingia kwenye shamba alilolikopea mbolea. Mtu aliyeumizwa na kazi kwa miaka ishirini ana haki ya kuogopa mwanawe asiingie humo humo, na hofu hiyo ni maarifa, hata kama inatoka mdomoni kama amri. Alichokuwa hakijui ni kwamba anayesomea kilimo chuoni si lazima arudi kushika jembe la baba yake. Kutoka Tukuyu hadi kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole si mbali, na kaka amepita mbele yake mara zisizohesabika akielekea sokoni Mwanjelwa, lakini hajawahi kujiuliza wanaofanya kazi humo ndani walisomea nini.

Hapo ilinilazimu nijieleze na mimi, kwa kuwa binti aliniuliza kwa adabu, "Shangazi, wewe ulichaguliwa au ulichagua?" Nilichaguliwa. Nilitaka sheria, marehemu baba akasema ualimu, nami nikaenda chuo cha Mkwawa, Iringa, nikiwa nimenuna muhula mzima wa kwanza. Nilihitimu mwaka 2011, majina ya ajira yakatoka baada ya miezi michache, na mshahara huo ndio uliomsomesha mdogo wangu na kuezeka nyumba ya mama. Kwa hiyo siwezi kusimama mbele ya watu nikasema kwamba mzazi akiamua ni lazima aharibu. Baba aliona sawasawa kwa mwaka ule. Tatizo ni kwamba ushauri wake ulikuwa na mwaka wake, kama kalenda ya ukutani. Leo mwalimu anayehitimu hasubiri jina litoke. Anasubiri tangazo, anaomba kwa mtandao, anaitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira pamoja na umati wa wenzake, na nafasi ni chache kuliko waombaji. Mzazi anayempeleka mtoto ualimu leo kwa sababu fulani wa mtaani aliajiriwa haraka zamani, anasoma kalenda ya zamani.

Kaka naye alikuwa na kalenda yake, ila ya aina nyingine. Alikuwa amemwomba kijana mmoja wa stendi amfungulie mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, akaona kwamba sifa ya chini ya kusomea udaktari ni kufaulu fizikia, kemia na biolojia kwa angalau D katika kila somo. Akahesabu: binti ana B, C na D, basi amepita. Ilinichukua karibu saa nzima kumweleza kwamba sifa ya chini ni ruhusa ya kupanga foleni tu. Vyuo huchagua kwa ushindani kuanzia wenye alama za juu, nafasi za udaktari ni chache, na wanaoziomba wengi wana A na B. Nikamwongezea kwamba masomo hayo ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, ilhali shahada anayoitaka binti ni miaka mitatu. Hilo la miaka lilimgusa kuliko yote, kwa kuwa alikuwa hajalipigia hesabu.

"Lakini anayelipa ni mimi," alisema. Hoja hiyo ina uzito, ila si wote anaodhani. Binti ataomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, na akipata ajira makato ya asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi yatakuwa yake mpaka deni liishe, si ya baba. Kwa upande mwingine, fomu ya mkopo inahitaji saini ya mdhamini, ambaye mara nyingi ni mzazi, na pengo ambalo mkopo hauzibi litazibwa na viazi vya kaka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo neno la mzazi lina nguvu kamili: kwenye gharama, kwenye muda, na kwenye kumjua mtoto wake alivyo. Kaka anajua kwamba binti huyu huzimia akiona damu. Amemshuhudia siku ya kuchinja kuku. Niliposema hivyo mama yake alicheka jikoni, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile kusikia kicheko katika nyumba ile.

Jambo lililonisumbua zaidi nilipokuwa narudi Mbeya ni kwamba ugomvi wote ule ulikuja umechelewa. Kozi ya chuo haichaguliwi Julai ya kidato cha sita. Kwa sehemu kubwa huwa imekwisha kuchaguliwa kidato cha nne, mtoto wa miaka kumi na sita anapojaza selform, ile fomu ya machaguo, na kuandika tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo atakayosoma kidato cha tano na sita, mara nyingi kwa kufuata rafiki aliyekaa naye dawati moja. Aliyesoma HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, hawezi kuwa daktari hata baba yake auze shamba lote. Mimi ni mwalimu, nimewaona wazazi wakija shuleni kwa ajili ya ada, kwa ajili ya nidhamu, kwa ajili ya mahafali. Aliyekuja kuuliza habari za tahasusi namhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengi hawajui kwamba baada ya matokeo ya kidato cha nne TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha machaguo, wala kwamba mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa hadi 65. Mzazi anayenyamaza wakati huo kisha akapiga ngumi mezani miaka miwili baadaye anagombana na uamuzi ambao yeye mwenyewe hakuhudhuria.

Binti aliomba vyuo vitatu, kozi ya kilimo ikiwa ya kwanza na, kwa heshima ya baba yake, udaktari katika chuo kimoja. Udaktari hakuchaguliwa. Kilimo alichaguliwa, pamoja na kozi nyingine ya chuo cha pili, hivyo ilimpasa athibitishe chuo kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe wa simu. Namba ya simu aliyoandika wakati wa kuomba ilikuwa ya baba. Kwa siku mbili simu ile ilikaa kwenye mfuko wa koti la kaka, na kila aliyeiulizia aliambiwa inachajiwa. Siku ya tatu usiku alinipigia, akanisomea tarakimu moja moja, akaniuliza kama ndizo zenyewe. Nilimwambia ampe mwenyewe. Nikasikia akimwita.

Mdogo wake anaingia kidato cha nne mwakani. Nimemwomba kaka aje Mbeya mapema, kabla ya selform, na safari hii aje na simu yenye chaji.